Kumfuata Antonio wa Virginia

Ndugu zangu, anayemtafuta babu aliyeishi Marekani karne ya 17 kwa kawaida huulizia kwanza cheti cha kuzaliwa. Kwa mtu aliyeletwa Virginia kutoka Afrika, msikitegemee. Jiulizeni serikali ya koloni hilo la Waingereza ilitaka nini: kodi, ardhi, kumaliza kesi. Huko ndiko majina yalikoandikwa.

Nimchukue mtu mmoja. Katika orodha ya wakazi ya mwanzoni mwa 1625, kwenye shamba la Bennett, yumo Antonio, Mweusi, aliyefika kwa meli iitwayo James mwaka 1621. Yumo pia Mary, aliyefika 1622. Ukoo wao haukutajwa.

Hapa mjihadhari na tarehe. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari iliyoandikwa 1624 kwetu ni 1625. Ukikuta ndoa ya Aprili 1630 na mtoto wa Februari 1630, usidhani mtoto alitangulia ndoa. Alizaliwa miezi kumi baadaye.

Sasa twende Northampton, wilaya ya Virginia ambayo kumbukumbu za mahakama yake hazijakatika tangu 1632. Humo tunamkuta Anthony Johnson, Mweusi huru, na mkewe Mary. Mwaka 1651 alipata ekari 250, kwa utaratibu wa ekari 50 kwa kila mtu aliyeletwa koloni, na majina ya watu watano yakaandikwa kwenye hati. Basi babu yako anaweza kuwa ndani ya hati ya mtu mwingine kabisa! Lakini tarehe ya hati si tarehe ya kufika, maana haki hizo za kupewa ardhi ziliuzwa na kununuliwa.

Je, Johnson ndiye Antonio? Jina peke yake halitoshi. Mwaka 1653 moto uliwatia hasara kubwa, wakaomba nafuu. Mahakama ikawasamehe Mary na mabinti wawili kodi ya kichwa, ambayo wanawake weusi walitozwa tangu sheria ya 1643. Katika uamuzi huo karani aliandika kwamba wameishi Virginia zaidi ya miaka thelathini. Toeni thelathini kwenye 1653, kisha rudini kwenye ile orodha: mume, mke na miaka vinakubaliana. Mimi naupenda ushahidi wa namna hii, maana karani hakuwa akimfikiria mjukuu yeyote. Alikuwa akishughulikia kodi.

Wala msichague ya kupendeza tu. Mwaka 1655 mahakama hiyohiyo ilimrudishia Johnson mtu mweusi mwenzake, John Casor, aliyekuwa akidai uhuru wake. Anayemrithi Johnson kwenye nasaba anairithi na kesi hiyo. Wazao wa Casor nao watamtafuta humo humo.

Johnson alihamia Maryland, akafariki 1670. Mwaka huohuo jopo la mahakama ya Virginia likaamua kwamba ardhi aliyoiacha huko irudi serikalini, kwa kuwa alikuwa mweusi, na kwa hiyo mgeni.

Mwaka 1677 mjukuu wake John alinunua ekari 44 huko Maryland, akaliita shamba lake Angola. Jina la shamba si cheti cha kuzaliwa. Lakini miaka ile Antonio alipoletwa, meli za Wareno zilikuwa zikichukua watumwa Luanda, bandari ya Angola, na mjukuu alikulia karibu na babu yake. Mimi ningeendelea kutafuta Angola kabla ya kwenda kwingine.