Stroberi Ikinyauka, Pasua Shina Kabla ya Kununua Dawa

Karibuni. Tazameni mche huu: ni saa tatu asubuhi, udongo una unyevu, lakini majani yamelegea. Hapa ndipo wengi hufungulia maji zaidi. Kama mizizi inaoza, maji hayo ndiyo yatakayoumaliza.

Chukua sepeto, uchimbe mche mzima na mizizi yake. Suuza udongo, kisha tia kisu kikali shingoni, lile shina fupi nene linalobeba majani, upasue kwenda chini. Sogea uone vizuri. Ndani palitakiwa pawe peupe. Hapa pana mabaka ya kahawia yenye wekundu, na majani machanga ya katikati ndiyo yaliyotangulia kulegea. Shuku Phytophthora, kimelea ambacho mbegu zake huogelea kwenye maji yaliyotuama. Dawa yenye metalaksili hukizuia ikiwahi.

Lakini majani ya pembeni yakikauka huku ya katikati yakibaki kijani, fikiria Verticillium au Fusarium, vimelea vya kuvu vinavyoishi udongoni. Metalaksili haivigusi kabisa, ni pesa ya bure. Kwa macho hutavitofautisha, hivyo ulizia vipimo TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, pale Ngaramtoni, Arusha. Peleka mche unaoanza kunyauka, si uliokwisha kukauka, maana mkavu huvamiwa na kuvu wengine na majibu yakapotoka.

Miche yote yenye ugonjwa ng'oa pamoja na udongo wa mizizini, tia kwenye gunia. Isiende kwenye mboji. Sepeto na mabuti yasugue matope yote kwanza, ndipo upake jiki. Juu ya matope haifanyi kazi.

Sasa udongo, tuue vimelea kwa joto la jua. Januari na Februari, jua la Moshi likiwa kali, lainisha eneo, mwagilia maji yafike sentimita 30, tandika nailoni angavu, siyo nyeusi, iguse udongo kabisa. Fukia kingo zote, uache wiki 4 hadi 6. Kibosho au Marangu, kule juu mlimani, mawingu hupunguza joto, kwa hiyo huko tegemea zaidi matuta ya sentimita 30 na miche safi.

Palipotoka nyanya, viazi mviringo, bilinganya au hoho, tafadhali usipande. Verticillium hushambulia zote, na vijipunje vyake vyeusi vinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Wakati wa kupanda, shingo iwe sawa na uso wa udongo. Ukiifukia inaoza, ukiiacha juu sana, mizizi inakauka.