Jibu Hasi Linalostahili Kuaminiwa: Mhadhara kuhusu Ubora wa Vipimo vya Mafua ya Ndege

Mheshimiwa Mwenyekiti, maofisa mifugo, na ndugu zangu wa maabara,

Januari 2017 Uganda ilithibitisha kirusi cha mafua ya ndege cha aina ya H5N8 katika ndege wa porini waliokutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Entebbe, na pia katika kuku na bata wa kufugwa. Haikuchukua muda, Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa kuku na mazao yake kutoka huko. Uzito wa jibu chanya, basi, hauhitaji maelezo. Ninalotaka kulizungumzia leo ni jibu hasi, kwa kuwa katika ufuatiliaji wa kawaida sampuli nyingi mno hutoka hasi, na nchi inayotangaza kwamba haina ugonjwa huyategemea majibu hayo.

Kwenye fomu, jibu hasi huandikwa vilevile iwe kirusi hakikuwamo au kilikuwamo nasi hatukukiona. Kasoro huanza mbali na maabara. Sampuli iliyogandishwa, ikayeyuka, kisha ikagandishwa tena, huweza kufika ikiwa RNA ya kirusi, yaani vinasaba vyake, imekwisha kuharibika, na hakuna mashine itakayoirudisha. Sampuli ya kloaka, yaani tundu la nyuma la ndege, nayo huja na kinyesi chenye kemikali zinazoweza kuzuia kipimo cha PCR, kinachozidisha vinasaba mzunguko baada ya mzunguko hadi vionekane, kufanya kazi. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba kila sampuli itiwe kidhibiti cha ndani, yaani kinasaba kinachojulikana na kisichohusiana na mafua, kabla RNA haijachujwa. Ikiwa mafua hayakuonekana na kidhibiti hicho nacho hakikusomeka, maabara haina jibu la kumpa mtu yeyote.

Suala la kidhibiti chanya, yaani sampuli tunayojua ina kirusi, nalihofia zaidi. Wengi hutumia chenye kirusi tele, nacho hufaulu kila siku, hata pale vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, vinapoanza kuchoka. Afadhali kiwe dhaifu, kinachokaribia kikomo cha uwezo wa kipimo, na mzunguko kinaposomeka uandikwe kwenye chati kila mara. Tuseme kilizoea kusomeka kwenye mzunguko wa 31, kisha polepole kikafika wa 34. Bado ni chanya, na anayeangalia fomu ya siku hiyo peke yake ataridhika. Lakini kwa kuwa vinasaba hukaribia kuongezeka maradufu katika kila mzunguko, mizunguko 3 ni sawa na tofauti ya takriban mara 8, na bata anayebeba kirusi kidogo bila kuugua atakuwa wa kwanza kutuponyoka. Chati ingelionyesha hilo mapema, na ndiyo maana nasikitika ninapoikuta imejazwa kwa ajili ya mkaguzi tu.

Kuhusu uchafuzi nitasema kwa ufupi: chumba cha kuandaa mchanganyiko kitenganishwe na kile cha kuchujia RNA, kazi iende upande mmoja bila kurudi nyuma, na kidhibiti hasi, yaani sampuli tunayojua haina kirusi, kipite hatua zote pamoja na sampuli.

Kirusi chenyewe pia hubadilika. Jeni ya M hubadilika kidogo, kwa hiyo kipimo chake hutafuta mafua yote ya aina A. Aina ndogo za H5 na H7 hupimwa baadaye, na vianzio vyake, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoitambua jeni inayotafutwa, huweza kupitwa na wakati. Sampuli iliyo chanya kwa M lakini hasi kwa H5 na H7 isifungiwe faili, bali ipelekwe kwenye maabara ya rejea, kama vile ya Padova, Italia, au ya Weybridge, Uingereza.

Yapo pia majaribio ya umahiri, ambayo sampuli zake hutoka nje na majibu yake hufichwa. Thamani yake hupotea pale mkuu wa maabara anapomkabidhi fundi hodari kuliko wote, akazirudia mara tatu. Zipimwe na aliye zamu, kwa vitendanishi vya siku hiyo, pamoja na sampuli nyingine.

Na pale kidhibiti kinaposhindwa, ripoti iandikwe wazi: kipimo si halali, sampuli irudiwe. Iandikwe hivyo hata kama wizara inasubiri jibu kwenye simu.