Kuwamba upya ngoma ya zamani ya muheme

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo hapa Dodoma tuna kazi moja tu mbele yetu: ngoma hii ya muheme, ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, wameibana kwa magoti na kuipiga kwa viganja. Tazameni umbo lake: juu pana, kiunoni imebana, chini inapanuka tena. Imechongwa kwenye gogo moja. Ngozi imepasuka, vigingi kadhaa vimelegea, na bibi mwenye ngoma anataka ilie tena.

Nianze na jambo ninaloliamini sana: ngozi hubadilishwa, mti haubadilishwi. Kila nitakachofanya leo ni kwa ajili ya kuulinda mti huu.

Kwanza usalama. Ngozi kavu ya zamani, ambayo hujui mnyama wake alikufaje, inaweza kuwa na vijidudu vya kimeta, navyo hukaa hai miaka mingi mno. Kwa hiyo usiikwangue wala kuipiga msasa ikiwa kavu. Vaa barakoa na glavu, kaa nje, ilowanishe kwanza kwa kitambaa chenye maji ili vumbi lisiruke. Ngozi mpya nayo nunua ya mbuzi aliyekaguliwa machinjioni na daktari wa mifugo. Ya mnyama aliyekutwa amekufa porini, hata ukipewa bure, iache hukohuko.

Sasa tung'oe vigingi. Piga picha ngoma nzima kabla hujagusa kitu. Ngozi ikishalowa vigingi hulegea. Kamata kimoja kimoja kwa koleo, zungusha taratibu huku ukivuta. Usitumie bisibisi kukichokonoa, utabanja mdomo wa ngoma. Vipange kitambaani kwa kufuata mzunguko wake, maana kila tundu limezoea kigingi chake. Kilichovunjika chonga kingine cha mti mgumu uliokauka.

Mwili wenyewe, futa vumbi ndani na nje kwa brashi. Mkiona vitundu vinavyomwaga unga mpya, wadudu bado wamo, washughulikieni kwanza. Ufa mdogo unazibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi ya maseremala. Weusi huu wa moshi na mafuta ya mikono msiuondoe kwa msasa, na tafadhali msipake vanishi. Inaniuma sana kuona ngoma ya zamani imeng'arishwa kama kabati la dukani. Msasa laini utumike mdomoni tu, pale ngozi itakapolalia, pasiwe na ncha ya kuikata.

Ngozi tunayotaka ni mbichi iliyokaushwa, siyo ya viatu. Ile ya viatu imeshatiwa dawa, haijikazi inapokauka, na sauti yake hufa. Iloweke usiku kucha kwenye maji baridi. Maji ya moto huipika, ikajikunja na kuharibika. Ikilainika, kwangua mafuta na nyama upande wa ndani kwa kisu butu. Kata duara linalozidi mdomo wa ngoma kwa upana wa kiganja pande zote, mstari wa uti wa mgongo ukipita katikati, manyoya juu.

Tunawamba. Methali inasema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, lakini ukivuta upande wako tu hapa, ngoma italia vibaya. Gonga kigingi cha kwanza, kisha kinachokitazama ng'ambo. Halafu kushoto, halafu kulia. Endelea hivyo kwa jozi hadi mzunguko ukamilike. Vuta mpaka mikunjo iishe, basi. Ngozi itajikaza yenyewe ikikauka; ukiikaza mno sasa, itachanika kwenye vigingi au itapasua mdomo.

Hapa kwetu hatari kubwa ni kukausha. Kiangazi cha Dodoma kina jua kali na upepo mkavu, na ngozi ikikauka ukingoni kabla ya katikati, hupasuka. Iweke kivulini, ndani, mbali na upepo. Siku ya kwanza ifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha iache wazi siku mbili tatu. Usiipige hata kidogo. Mkono ukiona bado kuna ubaridi katikati, maji bado yamo.

Ikikauka kabisa, nyoa manyoya kwa wembe, ukiulaza karibu na ngozi na kufuata yanakolalia. Mimi huacha utepe wa manyoya pembeni, unapendeza na hauzuii sauti.

Kabla ya kucheza, iote moto. Ishike mbali kiasi ambacho kiganja chako kingevumilia bila shida, izungushe, igonge, sikiliza. Sauti ikipanda na kuwa kavu, inatosha. Masika hulegea haraka zaidi, basi kaa na moto karibu.

Ihifadhi juu ya kigoda, isigusane na sakafu ya saruji, na usiipake mafuta ngozi ya juu: hulainika, ikaacha kulia.