Kihariri na Kompaila Visome Maelezo Yale Yale

Mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa programu, Arusha

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, na nyinyi wanafunzi mliotoka Tengeru, Usa River, Njiro na hata Moshi, itifaki zote zimezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandaa kihariri cha msimbo kwa ajili ya lugha zinazopita kwenye kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeka), kama vile C, C++, Rust na Go. Nitakaa zaidi kwenye C na C++, kwa sababu huko ndiko wengi hukwama, na kwa sababu Rust na Go zina zana zake rasmi zilizokwisha kuondoa sehemu kubwa ya usumbufu nitakaoueleza.

Hoja yangu ni kwamba kompaila itangulie, kihariri kifuate. Wanafunzi wengi hufanya kinyume chake: hupakua kihariri, wakaongeza viendelezi, wakachagua rangi, kisha wakabonyeza kitufe cha kuendesha programu bila kujua ni amri gani inayotekelezwa nyuma ya kitufe hicho. Siku kitufe kikigoma, hawana pa kuanzia. Kwa hiyo fungueni kwanza terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Kwenye Ubuntu au Debian, amri `sudo apt install build-essential gdb clangd` huleta kompaila ya GCC, zana ya Make inayoendesha amri za kuunda mradi, dibaga (zana ya kusakia makosa) na seva ya lugha nitakayoieleza baadaye, kwa mkupuo mmoja. Kwenye Windows, ninapendekeza msakinishe Ubuntu ndani ya WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux, na kufuata njia hiyo hiyo.

Tuchukue programu ndogo ya chama cha ushirika wa kahawa, inayopitia orodha ya wakulima na kuonyesha nani amelipwa. Mwandishi wake ameandika `if (amelipwa = 1)` ilhali alikusudia `if (amelipwa == 1)`. Alama moja ya usawa huweka thamani ya 1 ndani ya kigeu, sharti linakuwa kweli wakati wote, na kila mkulima anaonekana amekwisha kulipwa, hata yule ambaye hajaona senti. Sheria za lugha ya C zinaruhusu maandishi hayo, kwa hiyo GCC ikiitwa bila chaguo lolote itayapokea kimya kimya na kuzalisha programu inayoendeka. Sasa iiteni hivi:

`gcc -Wall -Wextra -g -O0 malipo.c -o malipo`

Hapo `-Wall` na `-Wextra` huwasha maonyo, na litatokea onyo linaloanza na `malipo.c:14:13: warning:`, yaani jina la faili, mstari wa 14, safu ya 13. Maonyo hayo yanapaswa kuwashwa tangu siku ya kwanza ya mradi, kabla mafaili hayajawa mengi, maana anayeyawasha baada ya miezi sita hukutana na mamia ya mistari na hukata tamaa ya kuisoma. Vihariri vya siku nyingi, kama GNU Emacs ya mwaka 1985 na Vim ya mwaka 1991, hujua kusoma umbo hilo la ujumbe na kumfikisha mwandishi kwenye mstari wenye kasoro, hivyo asije mtu akawaambia kwamba kazi ya maana haifanyiki bila kihariri kipya.

Vihariri vya leo vimeongeza jambo kubwa. Zamani kila kihariri kilihitaji kuandikiwa msaada wake kwa kila lugha, na kazi ile ile ikarudiwa mara nyingi. Mwaka 2016 Microsoft, Red Hat na Codenvy zilitangaza itifaki ya seva ya lugha, ambayo kwayo kihariri chochote kinaweza kuuliza na seva ya lugha husika ikajibu: jina hili limetangazwa wapi, kigeu hiki ni cha aina gani, mstari huu una kosa gani. Kwa C na C++ seva inayotumika sana ni clangd, kwa Rust ni rust-analyzer, kwa Go ni gopls. Ukitumia VS Code, Neovim au Emacs, seva ni ile ile.

Ugumu wenyewe uko hapa. Clangd haimwulizi GCC chochote. Inasoma msimbo wenu upya, kwa akili yake. Kama kompaila inaambiwa `-Iinclude -std=c++20`, yaani folda ya kutafutia mafaili ya `#include` na toleo la lugha, na clangd haikuambiwa, mtaona mstari mwekundu chini ya `#include "mizani.h"` wakati `make` inamaliza kazi bila lalamiko. Nimewaona vijana wenye uwezo wakifuta na kusakinisha upya kihariri chao kwa sababu ya mstari huo, na mara mbili tatu wakahamisha mafaili yaliyokuwa mahali pake sahihi. Kihariri hakikuwa na kosa, kilikosa tu taarifa.

Taarifa hiyo hukaa kwenye faili liitwalo `compile_commands.json`, ambalo kwa kila faili la msimbo hutaja folda ya kufanyia kazi, jina la faili, na amri kamili ya kompaila. Anayetumia CMake, zana inayozalisha maagizo ya kuunda mradi, aandike `cmake -S . -B build -DCMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS=ON`, na faili litazaliwa ndani ya `build`, mahali ambapo clangd huangalia yenyewe. Anayetumia Make peke yake aendeshe `bear -- make` baada ya kusafisha mradi, kwa kuwa zana hiyo ya Bear hurekodi amri zinazotekelezwa tu. Kwa zoezi la mafaili mawili au matatu, faili la `compile_flags.txt` lenye chaguo moja kwa kila mstari linatosha kabisa.

Wengi wenu mna kompyuta zenye kumbukumbu ya GB 4, na clangd ikianza kuorodhesha mradi mkubwa kompyuta hulemewa. Ipeni chaguo la `-j=2` ili isitumie nyuzi nyingi (kazi zinazoendeshwa sambamba) kwa pamoja, au `--background-index=false` ikiwa hali ni mbaya zaidi. Na kwa kuwa bando huisha, wekeni kifurushi cha `manpages-dev`, ili maelezo ya `man 3 printf` yafunguke bila intaneti. Wa Rust wana `rustup doc`.

Kuhusu dibaga nitasema machache. Lile `-g` tuliloweka ndilo linaloiwezesha gdb kuonyesha mistari na vigeu kwa majina yake, na `-O0` huzuia kompaila isivifute vigeu kwa ajili ya kuongeza kasi. Ongezeni `-fsanitize=address` mnapojaribu programu, nayo itawatajia mstari ambapo mmesoma nje ya mipaka ya safu ya thamani (array).

Mkifanya kazi kwa kikundi, msiliweke `compile_commands.json` kwenye Git, mfumo wa kuhifadhi na kushirikiana msimbo, kwa kuwa lina anwani kamili za folda za kompyuta ya mmoja wenu, na mwenzenu wa Moshi akilivuta, clangd yake itatafuta folda ambazo kwake hazipo. Wekeni `CMakeLists.txt`, faili la maagizo ya CMake, kisha kila mmoja azalishe `compile_commands.json` lake. Ahsanteni, karibuni maswali.