Kiriba Hakisemi Ukubwa wa Mmea

Wazee shikamooni. Wapenda bustani wote mliofika, karibuni.

Kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, miche yote inalingana. Haidrenjia ina futi moja, msaipresi una futi moja, na bei haipishani sana. Miaka ikipita, haidrenjia inakukomea kifuani. Msaipresi ukiachwa unapita mita 20. Ndiyo maana hapa Mbeya mnaona madirisha yaliyozibwa na maua yaliyopandwa kwa nia njema kabisa.

Kwanza tuutambue mmea wenyewe, na rangi ya ua tuiweke kando, maana inadanganya. Haidrenjia ya buluu ya Tukuyu na ile ya waridi ya kwa jirani yako zaweza kuwa mmea uleule. Udongo wenye tindikali, ule unaopendwa na chai, huiachia mizizi madini ya alumini, ua likawa la buluu. Ukitia chokaa ya kutosha, msimu unaofuata linaelekea waridi.

Basi shikeni tawi. Angalieni majani yamekaaje shinani, kisha vunjeni jani moja muone utomvu. Muuzaji akisema “hili ni la njano,” bado hajakwambia kitu, kwa sababu ya njano yako matatu yanayochanganywa kila siku. Tekoma: jani moja limegawanyika vijani kadhaa vyenye kingo za msumeno, na majani yamekaa mawili mawili yakitazamana. Theveshia: majani marefu membamba, hayakugawanyika, yanapanda shina moja moja kwa kupishana, na utomvu ni mweupe. Alamanda nayo ina utomvu mweupe, lakini majani ni mapana, yanatoka matatu au manne kwenye fundo moja, yaani pale majani yanapochomoza shinani, na matawi yake yanatafuta pa kuegemea. Oleanda, yenye maua ya waridi au meupe, hutoa majani matatu matatu. Theveshia na oleanda ni sumu kali, mbegu na majani. Zisiwe karibu na banda la mbuzi wala mahali wanapochezea watoto. Mkimaliza kuchunguza, nawieni mikono.

Lantana haina shida: shina lina pembe nne, jani linakwaruza, ukilifikicha linanuka. Bogenvilia ina mwiba kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina.

Sasa ukubwa. Tazama mche unapotokea ardhini. Ukitoa machipukizi mengi kutoka chini, hicho ni kichaka. Ukiwa na shina moja linalokimbilia juu, shuku mti, hata kama muuzaji ameukata ukawa duara kama mpira. Mfikasi huuzwa hivyohivyo, na mizizi yake baadaye huinua sakafu ya baraza. Kisha pima pingili, yaani nafasi kati ya fundo na fundo. Pingili ndefu ni dalili ya mbio, ila mche uliobanwa kivulini kitaluni nao hurefuka bila nguvu, kwa hiyo pima tawi lililokulia juani.

Kwa makadirio: lantana mita 1 hadi 2, hibiskasi 2 hadi 4, poinsetia 3 hadi 4, oleanda, tekoma na theveshia 4 hadi 6, pengine zaidi. Bogenvilia haina kipimo chake. Hupanda kadiri ya ilichoegemea, hata juu ya paa.

Namba hizo zisiwazuie kutembea. Ushahidi ulio bora ni mmea uliokwisha kukomaa wa aina hiyohiyo, mwinuko uleule na wenu. Krotoni inayompita mtu kichwa kule Kyela, ukiipeleka Makete ambako umande huganda Juni na Julai, itaungua na kudumaa. Simamisheni fito ya mita 2 kando ya mmea huo, mrudi nyuma hatua kadhaa, mhesabu fito ngapi zinaingia juu na ngapi kwa upana. Chukueni nusu ya upana, ongezeni sentimita 50: huo ndio umbali wa shimo kutoka ukutani. Hibiskasi yenye upana wa mita 3 inataka mita 2. Mtaona peupe pamebaki pakubwa. Pandeni maua ya msimu hapo, msisogeze shimo.

Najua kuna anayesema moyoni, “Nitapogoa.” Bogenvilia, duranta na hibiskasi zitakuvumilia. Msaipresi hapana: ukikata hadi kwenye tawi tupu lisilo na majani mabichi, hapachipui tena, na uzio wako unabaki na pengo. Ukate kidogo kidogo, kila mara, ungali kijani. Haidrenjia ya kawaida hubeba ua kwenye vichomozi vya matawi ya mwaka uliopita. Ukiifyeka yote ili iwe fupi, utapata majani matupu mwaka mzima.

Na wenye duranta ya majani ya njano, kagueni kila baada ya mvua. Tawi likirudi kijani kitupu, likateni linapoanzia, si nchani. Jani la kijani hutengeneza chakula kingi kuliko la njano, hivyo tawi hilo litayapita mengine na kuyafunika, na kile kichaka kifupi mlichonunua kitaelekea mita 5.