NETSDK1045: SDK ipo kwenye mashine, mradi bado unagoma

Habari zenu wadau. Leo tuna kosa moja tu mezani. Umepewa mradi wa WPF (teknolojia ya kutengeneza programu za madirisha za Windows), umeujenga, ukaletewa maandishi mekundu: NETSDK1045. Yaani SDK (vifaa vya kujengea programu za .NET) inayotumika hapo haiijui .NET 8, toleo ambalo mradi unalitaka. Wengi wakiliona tu wanakimbilia kupakua SDK upya. Subiri, usimalize bando. Huenda unayo tayari.

Fungua terminali ndani ya folda ya mradi. Nimesema ndani ya folda ya mradi, siyo popote, na sababu utaiona sasa hivi. Andika `dotnet --version`. Hapa kwangu, tazama, 6.0.400. Sasa andika `dotnet --list-sdks`. Umeona? 6.0.400 ipo, na 8.0.100 nayo ipo, imekaa tu haiguswi.

Nani kaizuia? Andika `dotnet --info`, shuka mpaka karibu na mwisho, penye neno global.json, faili linaloiambia dotnet itumie SDK ya toleo gani. Pameandikwa njia ya faili, na faili lenyewe halimo kwenye mradi wangu. Liko folda mbili juu, nililiacha huko zamani na nikalisahau. Dotnet huanza kulitafuta pale uliposimama, ikikosa inapanda folda ya juu, na ya juu yake tena. La kwanza kulikuta ndilo inalolitii.

Kama faili ni lako na hulihitaji, lifute. Kama ni la timu, usiliguse kabla hujauliza. Weka global.json yako ndani ya mradi, hivi:

`{ "sdk": { "version": "8.0.100", "rollForward": "latestFeature" } }`

Hilo neno la mwisho linaruhusu 8.0.200, 8.0.300 na kuendelea, ili mwenzako mwenye toleo jipya kidogo asikwame. Rudia `dotnet --version`. Safi, imekuja 8.

Ikiwa orodha yako ya SDK ilitoka tupu kabisa na unajua uliisakinisha, andika `where.exe dotnet`. Usiache hiyo .exe, maana kwenye PowerShell `where` pekee ni amri nyingine. Ukiona njia ya Program Files (x86) imetangulia, umempata mchawi: hiyo ni dotnet ya biti 32. Nenda kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri), ipandishe ile ya Program Files ikae juu.

Kuna na hii inayochosha watu: terminali inajenga vizuri, Visual Studio inakataa. Visual Studio inatumia MSBuild (chombo cha kujengea mradi) yake yenyewe, na mradi wa .NET 8 unataka Visual Studio 2022 toleo 17.8 au zaidi. Ya 2019 usihangaike nayo. Fungua Help, kisha About, usome namba. Ikiwa chini ya 17.8, fungua Visual Studio Installer, bofya Update, kanywe chai.

Ukirudi, funga Visual Studio, futa folda za bin na obj, halafu `dotnet build`.

Ikikuletea NETSDK1136 sasa, usikate tamaa, umeshavuka. Hilo ni kosa jingine. Fungua faili la .csproj, lile la mipangilio ya mradi, na pale penye `net8.0` andika `net8.0-windows`, kwa sababu WPF haijengwi bila kuitajia Windows. Hifadhi, jenga tena, kisha iendeshe kwa `dotnet run`. Haya, dirisha hilo limefunguka.