Maboga yanatoa maua ila hayashiki? Kaa na ua asubuhi moja kabla hujanunua mbolea

Habari zenu wadau, karibuni tena shambani. Leo tupo nje kidogo ya Morogoro mjini, saa 12 na nusu asubuhi, umande bado uko kwenye majani mnauona, na nimewaamsha mapema hivi kwa sababu hii kazi ukija saa 5 umekuta ua limeshafunga. Wengi mmeniuliza, mbona maboga yangu yanachanua vizuri afu kale kaboga kakifika saizi ya kidole gumba kanageuka njano, kanaoza, kanadondoka? Na mtu hapo hapo anakimbilia duka la pembejeo. Subiri kwanza.

Tafuta daftari, kalamu, simu ya kuangalizia saa, nyuzi za rangi tatu, na vifuko vya kitambaa chepesi cha pazia kinachopitisha hewa. Chandarua cha kulalia usikate, vingi vimewekwa dawa ya kuua wadudu, utaharibu jaribio lote kabla hujaanza.

Haya, kitu cha kwanza ujue dume na jike. Sogea na kamera hapa. Hili ua limesimama kwenye kikonyo kirefu chembamba, katikati kuna kijiti kimoja kimejaa unga wa njano, nikigusa hivi, ona, umeganda kwenye kidole. Hiyo ndo chavua. Ni nzito na inanata, upepo hauibebi, lazima mdudu aibebe. Sasa hili la pembeni, cheki chini ya ua, kaboga kameshakaa hapo tayari, hilo ni jike. Yapo kwenye mmea mmoja, lakini kila ua linafunguka alfajiri na kabla ya mchana linajikunja, halifunguki tena. Yaani jike likikosa mgeni wa kuliletea chavua asubuhi hiyo basi, kaboga kanadondoka.

Kitu cha pili ni kuhesabu. Chagua maua matano, kaa hatua mbili nyuma, kivuli chako kisipite juu yake, weka dakika 10 kwenye simu. Kila mdudu akiingia piga mstari, na uandike ni nani, usiandike tu "wadudu". Nyuki wa asali peke yake, nyuki wadogo wasiouma peke yake, nzi, mbawakawa, sisimizi. Andika na saa, jua au wingu, upepo upo au haupo. Huyu hapa nyuki kaingia, mwangalie, anazama mpaka chini kabisa kunywa mbochi, yale maji matamu ya ua, na akitoka mgongo wote njano! Huyo ndo tunayemtaka, maana akienda kwenye jike atapita pale katikati aache unga. Sisimizi anayezunguka kwenye ukingo wa ua hachavushi kitu. Rudia saa 1, saa 2, saa 3, na ufanye siku tatu tofauti, ukipata moja ya mawingu vizuri zaidi, utaona mwenyewe mistari inavyopungua kukiwa na baridi na manyunyu.

Sasa jaribio lenyewe, hapa naomba tusiende haraka. Jioni tafuta majike yatakayofunguka kesho, utayajua ncha imeanza kuwa njano ila bado imefumba. Chukua tisa. Matatu funga uzi mwekundu uyaache wazi. Matatu uzi mweupe, vika kifuko mpaka ua linyauke. Matatu uzi wa bluu, vika kifuko pia, ila asubuhi fungua, chukua ua dume bichi, menya yale majani yake ya njano kibaki kijiti, paka taratibu katikati ya jike pande zote, afu rudisha kifuko. Baada ya wiki moja njoo uangalie. Meupe yatadondoka, hilo lisikushtue. Kama ya bluu yameshika na mekundu yamedondoka, shida yako ni wageni hawaji. Kama mpaka ya bluu yamedondoka, hapo sasa ndo fikiria maji, mbolea au ugonjwa.

Kwa nini hawaji? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Msimu uliopita nilipiga dawa saa 2 asubuhi maua yakiwa wazi, kesho yake nikafungua maua yaliyojikunja nikakuta nyuki wamekufa ndani, imeniuma mpaka leo. Kama ni lazima upige, piga jioni kabisa maua yamefunga, na chagua dawa isiyokaa muda mrefu.

Afu ujue kila ua na mteja wake na saa zake. Nyuki anaona vizuri njano, bluu na zambarau, na anaona hadi mwanga ambao macho yetu hayauoni, lakini nyekundu haimvutii sana, maua mengi mekundu ni ya ndege chozi. Pasheni ya njano inafunguka mchana, ukiikalia asubuhi utasema hakuna mdudu. Na ua lake ni kubwa, nyuki wa asali anachota chavua bila kugusa pale inapotakiwa ifike, anayeliweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao.

Huyo huyo mjue vizuri, maana na bilinganya inamtegemea. Twende pale. Ua la bilinganya linainama chini, halina mbochi, na chavua imefungiwa ndani ya vijiti vya njano vyenye vitundu nchani kama kichupa cha chumvi. Nyuki wa asali hajui kuvitikisa. Sikilizeni... mmesikia ule mlio umebadilika? Yule mkubwa mweusi kashika ua, anatetemesha mwili, unga unamwagikia tumboni. Kule Nguruman, Kenya, watafiti waliona wachavushaji wa bilinganya ni nyuki wa porini kama hawa, na wanategemea vichaka vya jirani na shamba. Kwa hiyo lile gogo kavu pembeni ya shamba usilichome, ndo nyumba yake, na acha ukanda wa magugu yenye maua mpakani, wapate chakula bilinganya zikiwa hazijachanua.

Mipapai tutaifanya video inayokuja, ile maua yake yananukia jioni na wageni wake ni nondo wakubwa, kwa hiyo tukutane saa 12 jioni, njoo na tochi umeifunga karatasi nyekundu ya kupitisha mwanga, na kama una mpapai dume usiukate kwanza.